Taa ya ruta inawaka, lakini kebo imekufa nusu

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Uyole, Mbeya. Nimevutiwa kebo ya intaneti kutoka kwenye ruta ya sebuleni hadi chumbani, kama mita 18, ikipita juu ya dari. Kwenye kona ya fremu ya mlango nafasi ilikuwa finyu, fundi akachuna ganda la nje ili zipite nyaya tupu. Taa inawaka, ila kompyuta inasoma megabiti 100 kwa sekunde wakati yenyewe na ruta ni za 1,000. Anasema mtandao wa mkoani ndivyo ulivyo. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na mkoa wetu usisingiziwe. Hiyo 100 ni mapatano ya kompyuta na ruta yako, humo humo ndani. Hata kifurushi kikiisha, utaisoma ile ile.

Kinachonichosha ni hilo la “taa inawaka”. Nimelisikia Mwanjelwa, nimelisikia Mafinga, na Iringa mjini nilishaambiwa na mtu mwenye koleo mkononi! Kebo ina nyaya 8, yaani jozi 4. Megabiti 100 hutumia jozi 2 tu, pini 1, 2, 3 na 6. Megabiti 1,000 hutaka zote 4. Waya wa bluu au wa kahawia ukikatika, vifaa vingi hushuka vyenyewe hadi 100 kimya kimya, na taa inawaka kama kawaida. Nadhani ndicho kilichokupata: kisu kiligusa waya, au kona iliuvunja.

Ganda lile si pambo. Ndilo linaloshikilia misokoto ya jozi, na misokoto ndiyo inayozuia kelele, yaani mwingiliano wa umeme unaovuruga mawasiliano. Hata kwenye kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kinachochomekwa kwenye ruta, misokoto haifumuliwi zaidi ya milimita 13. Kona nayo ina kipimo: kebo ya Cat6, daraja la kebo linalotumika sana majumbani, ikunje kama inavyozunguka kopo dogo la nyanya la gramu 70, isibane zaidi ya hapo. Fremu ikikataa, toboa tofali pembeni yake tundu la milimita 10, pitisha kebo bila kichwa, ubane kichwa baadaye. Kipande kilichochunwa usikiunge kwa utepe. Vuta kebo mpya nzima.

Na kabla ya kununua, kwangua waya mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ni nyepesi, ni rahisi, na ukiikunja mara chache inakatika, halafu unalaumiwa wewe uliyevuta. Naikuta kila wiki.

Wengine wakikosa nafasi huichomeka kebo kwenye bomba la nyaya za umeme, eti “zote ni nyaya”. Mle mna volti 230. Ganda la waya wa umeme likichubuka wakati wa kuvuta, umeme unaweza kuingia kwenye kebo, ukafika kwenye ruta, na mwanao ndiye anayeishika ruta akitaka kuizima na kuiwasha. Mtu wa namna hiyo mfukuze hata kama amekupunguzia bei.

Kwako wewe, mwite fundi arudi na testa, kile kifaa cha kupimia nyaya za kebo. Namba 1 hadi 8 ziwake kwa zamu ncha zote mbili, wewe ukiwa umesimama pale pale unaangalia, ndipo umalizie malipo.