AF na kuishi roho juu: maswali yenu

Mimi ni nesi, nafanya kazi klinik ya moyo hapa Dar. Siku hizi maswali mengi yanayonifikia ni ya watu wenye AF (atrial fibrillation), yaani ile hali vyumba viwili vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kubana kwa mpangilio, mapigo yanaenda hovyo hovyo. Na wengi hata hawaulizi kuhusu dawa, wanaulizia hofu. Nimechagua machache.

*Nikishalala tu moyo unaanza mbio, jasho, pumzi haitoshi. Nitajuaje kama ni AF imerudi au ni wasiwasi? (Mama wa watoto watatu, Mwanza)*

Pole sana dada. Vyote viwili vinaweza kuja pamoja, hofu inamwaga adrenalini, adrenalini inausukuma moyo, moyo ukiruka na wewe unazidi kuogopa. Ila kuna namna ya kutofautisha kidogo. Kaa kitandani, geuza kiganja kiangalie juu, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, pale kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, usikandamize. Hesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani, usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne maana kwenye AF hesabu ya haraka haraka inadanganya. Halafu sikilizia mpangilio kuliko namba. Wasiwasi unaweza kuupeleka moyo 110 au 120 lakini unakwenda sawasawa, ta ta ta ta. AF inakuja miwili ya haraka, kimya, mmoja dhaifu, mitatu kwa mkupuo, huwezi kuifuatisha. Hofu nayo mara nyingi inafika kileleni ndani ya dakika kama 10 halafu inaanza kushuka.

Hiyo sio kipimo cha kukata mzizi wa fitina lakini. Jibu la uhakika ni ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo kinachotoa karatasi, ikipigwa wakati moyo uko hivyo hivyo, kwa hiyo ikikushika na kuna kituo karibu nenda wakupige hapo hapo, na ile karatasi itunze kama cheti, uje nayo klinik.

Na usikae kuhesabu chochote kama kifua kinauma, umezimia au unakaribia kuzimia, pumzi inakata ukiwa umekaa tu, au uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayatoki vizuri. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hizo tatu za mwisho ni dalili za kiharusi, hata zikipotea zenyewe baada ya dakika tano usirudi kulala, nenda.

*Mwanangu kaninunulia saa ya mkononi inayopima mapigo. Naichungulia mpaka usiku wa manane, ikisema 95 basi silali tena. (Mstaafu, Mombasa)*

Shikamoo mzee wangu. 95 isikunyime usingizi kama hujisikii vibaya. Kuna utafiti mkubwa wa Uholanzi ulitoka 2010, wenye AF ya kudumu waliolengwa mapigo yabaki chini ya 110 wakiwa wamepumzika hawakupata madhara zaidi ya wale waliobanwa mpaka chini ya 80. Muulize daktari wako namba zako wewe, ya juu na ya chini, uziandike. Halafu pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, andika kwenye daftari, usiku hiyo saa ikae kabatini. Kuchungulia chungulia huko ndiko kunakokupandisha mapigo mzee wangu, nawaona wengi.

*Mume wangu na mawifi wanasema naogopa kwa sababu imani yangu ndogo. (Tanga)*

Mdogo wangu, hapana. Mtu ambaye moyo wake umeruka ovyo hata mara moja mwili unakumbuka, unakaa macho unasubiri mara ya pili, mcha Mungu na asiyesali wote inawapata. Sala endelea nayo, tena ukisoma uradi au rozari taratibu unavuta pumzi taratibu, ukiitoa ndefu kuliko ulivyoivuta moyo unatulia kweli.

Ila swali langu mimi ni hili, umewahi kupimwa tezi la shingo? Ni kipimo cha damu, kinaitwa TSH. Hilo tezi likifanya kazi kupita kiasi linaleta AF na linaleta hofu vilevile, mikono inatetemeka, unasikia joto wenzio wamejifunika, unakula na bado unakonda. Kuna watu wanaambiwa wana mapepo miaka na miaka kumbe ni tezi, na linatibika. Siku ya klinik njoo na mumeo akae na wewe kwa daktari asikie kwa masikio yake, hilo linasaidia kuliko kubishana nyumbani.

*Mlango wangu wa moyo ulibana baada ya homa ya rumatiki utotoni, nanywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. INR, kile kipimo cha damu cha kuona inaganda haraka kiasi gani, inapanda inashuka, naishi kwa hofu ya kiharusi, hata mchicha naogopa. Kaka yangu yuko Muscat anataka kunitumia vidonge vya kisasa visivyohitaji kupima. (Zanzibar)*

Mwambie ahsante lakini asitume. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye AF na moyo ulioharibiwa na rumatiki, Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, yaani watu kama wewe kabisa. Waliokuwa kwenye dawa za aina ya warfarini walifanya vizuri kuliko waliopewa rivaroxaban, mojawapo ya hivyo vidonge vya kisasa, hata vifo vilikuwa vichache. Wenye AF ya aina nyingine hivyo vidonge vipya vinawafaa sana, mlango uliobana sana au wa chuma hapana.

Mchicha kula, kisamvu kula. INR inayumba ukila bakuli zima leo halafu wiki mbili hugusi, wewe kula kiasi kilekile wiki hadi wiki dozi itapangwa kufuatana na chakula chako. Kwa wengi tunataka isome kati ya 2 na 3. Cha kuogopa ni dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa, na mizizi ya kuchemsha ya jirani, hizo zinaweza kukumwaga damu.

*Kahawa je? (Bukoba)*

Kikombe kimoja viwili kwa wengi hakina shida, kama wewe kinakurusha moyo acha. Pombe ndio punguza au acha kabisa, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu usiguse.

*Nina miaka 46, naogopa tendo la ndoa, naona moyo utasimama. Mke wangu anadhani nimempata mwingine. (Morogoro)*

Kaka, ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kuuma wala pumzi kukata, kwa kawaida moyo wako unalimudu. Mwambie mkeo leo hii kwamba ni hofu, asikae anaumia bure. Kama nguvu zimepungua tangu uanze dawa za kushusha mapigo, sema kwa daktari abadilishe, ila usiache mwenyewe ghafla, mapigo yanarudi kwa kishindo.

*Rafiki yangu kanipa diazepamu nilale. Naona aibu kuomba msaada wa hofu, nitaonekana kichaa. (Nairobi)*

Hizo za rafiki ziache, zinazoeleka haraka na hofu inabaki palepale. Kama umeshazimeza kila siku kwa wiki kadhaa usikate ghafla, sema kwa daktari. Kuna ushauri nasaha wa kukaa na mtu mkaichambua hofu yenyewe, unasaidia sana, na zipo dawa za hofu zinazotumika na wagonjwa wa moyo, ila baadhi zikikutana na dawa za kuzuia damu kuganda zinaongeza hatari ya kutoka damu, ndio maana lazima daktari wa moyo ajue. Kama mdomo unakuwa mzito mbele ya daktari, andika kwenye karatasi "nina hofu, silali" umpe nesi anayekupima presha. Sisi tunajua pa kukupeleka.