Maswali yenu kuhusu Solomon Butcher, mpiga picha wa Nebraska

Picha za walowezi wa Marekani zilizopigwa na Solomon Butcher zimezua maswali mengi. Nayajibu haya machache.

Aliingiaje kwenye kazi hiyo?
Alizaliwa mwaka 1856 na kujifunza upigaji picha akiwa kijana huko Illinois. Mwaka 1880 alihamia Custer County, Nebraska, pamoja na baba yake kutafuta ardhi ya serikali. Kilimo kikamshinda, akaenda kusomea udaktari, nao akauacha. Akarudi Custer kufungua studio.

Kwa nini watu wamepangwa nje na vyombo vyao?
Ndani ya nyumba zao mlikuwa na giza. Miti ilikuwa adimu, hivyo kuta zilijengwa kwa mapande ya udongo yenye mizizi ya nyasi. Kuanzia 1886 Butcher alizunguka shamba kwa shamba na gari la farasi, na kila familia ikatoa nje ilichojivunia. Mama mmoja wa ukoo wa Hilton hakutaka jamaa zake wa mashariki mwa Marekani waione nyumba yake ya udongo, lakini alitaka waone kinanda. Kikatolewa hadi uani, familia ikajipanga kando yake, picha ikapigwa, kikarudishwa ndani. Picha hiyo naipenda kuliko zote. Fahari na aibu ya mama yule zimo humo pamoja.

Walikuwepo walowezi weusi?
Ndiyo. Itafute picha ya familia ya Moses Speese ya mwaka 1888. Speese alizaliwa utumwani; hapo amekaa na wanawe kwenye ardhi yao wenyewe.

Ni kweli alizichezea picha?
Kweli. Alikwaruza negativu ya kioo (kipande cha kioo chenye taswira, ambacho picha huchapwa kutoka kwacho) ili nzige waonekane wakishambulia shamba. Aliwapanga pia watu waigize ukataji wa uzio wa mfugaji mkubwa uliotokea 1885. Kwa maoni yangu, picha kama hizo zinapaswa kuonyeshwa pamoja na maelezo hayo, maana wengi wanazichukulia kuwa ushahidi.

Alitajirika?
Hapana. Mwaka 1899 nyumba yake iliungua na maandishi yake yote. Negativu zilipona kwa kuwa zilikuwa ghalani. Kitabu chake cha historia ya Custer kilitoka 1901 kwa fedha za mfugaji Ephraim Swain Finch. Baadaye chama cha historia cha Nebraska kilinunua mkusanyiko wake kwa dola 600 tu. Alifariki 1927 huko Greeley, Colorado.