Je, Mwenye Bustani Mbili Huzipenda Sawasawa?

Barua nne za mwezi huu zimeuliza jambo lilelile kutoka pande tofauti: kampuni moja inapomiliki bustani mbili au zaidi za burudani, zile zenye rolakosta (treni za kuchezea zinazopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli) na bembea kubwa, ni nani hupata fedha mpya na ni nani huachiwa kutu? Nimezipanga pamoja, na nafasi kubwa nimewapa wale walioleta mambo mengi ya kuchambua.

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu mkubwa ni muuguzi karibu na Cincinnati, jimbo la Ohio kule Marekani, na binamu yetu anaishi Cleveland katika jimbo hilohilo. Kila Jumapili jioni tunapozungumza nao kwa simu hapa nyumbani, hawakosi kubishana. Dada ni shabiki wa Kings Island na binamu ni shabiki wa Cedar Point, ingawa bustani hizo ni za kampuni moja. Dada husema kwamba kampuni hulisha Cedar Point nyama na kuitupia Kings Island mifupa. Binamu naye hujibu kwamba Kings Island ndiyo inayotunzwa kama yai. Nani anasema kweli? — Msomaji, Buruburu.

JIBU: Msomaji wangu, dada yako na binamu yako wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anatazama mfuko wake. Fedha ya kununua kitu kipya na fedha ya kutunza kilichopo hazitoki mahali pamoja, na bustani inaweza kupata nyingi za huku na chache za kule.

Tuanze na undugu wenyewe, kwa sababu si wa kuzaliwa. Cedar Point ilianza mwaka 1870 kama ufuo wa kuogelea kwenye rasi ya Sandusky, Ziwa Erie. Kings Island ilifunguliwa mwaka 1972 katika mji wa Mason, upande wa pili wa jimbo. Zilikuja kuwa chini ya paa moja mwaka 2006, wakati Cedar Fair, kampuni iliyokua kutokana na Cedar Point yenyewe, ilipozinunua bustani tano za Paramount, Kings Island ikiwemo, kwa dola bilioni 1.24. Kwa hiyo Kings Island iliingia katika nyumba hiyo kama mtoto wa kambo, na zawadi yake ya kwanza kubwa ilikuwa mtumba: rolakosta ya X-Flight iliyong'olewa kutoka Geauga Lake, bustani nyingine ya kampuni hiyohiyo, ikafunguliwa Kings Island mwaka 2007 kwa jina la Firehawk. Nadhani manung'uniko ya mashabiki kama dada yako yana mizizi katika miaka hiyo.

Hata hivyo, huwezi kuita mifupa yale yaliyofuata. Rolakosta ya Diamondback ilijengwa mwaka 2009, Banshee mwaka 2014, Mystic Timbers mwaka 2017, na Orion mwaka 2020, ikisimama katika eneo ambalo Firehawk ilikuwa imeondolewa. Hiyo ni ratiba ya bustani inayoaminiwa na mwenyewe.

Lakini jambo ninalotaka dada na binamu walitazame kwa makini ni The Beast, rolakosta ya mbao ya Kings Island iliyofunguliwa mwaka 1979, ambayo reli yake inapita msituni kwa zaidi ya mita 2,200 na bado ndiyo ndefu kuliko zote za mbao duniani. Mbao hunywa maji, hukauka, hupanuka na kusinyaa. Bolti hulegea, na kila treni inapopita huipiga reli nyundo ndogo ambayo baada ya miaka huwa nyundo kubwa. Katika majira ya baridi kabla ya msimu wa 2022, mafundi walibadilisha zaidi ya mita 600 za reli hiyo. Abiria aliyepanda mwaka uliofuata hakuona rangi mpya wala jina jipya. Aliona tu kwamba mgongo haukumuuma kama zamani. Kwangu mimi, kampuni inayokubali kutumia fedha kwa jambo ambalo haliwezi kuvuta umati mpya imeonyesha heshima kubwa kwa bustani yake.

Linganisha na Mean Streak ya Cedar Point, nayo ya mbao, iliyofunguliwa mwaka 1991. Ilizidi kuwa na mitikisiko mwaka hadi mwaka, ikafungwa mwaka 2016, kisha nguzo zake za mbao zikawekewa reli ya chuma na ikarudi mwaka 2018 ikiitwa Steel Vengeance. Mashabiki wanaisifu, nami sibishani nao. Ninachosema ni kwamba huko nyuma ya sifa kuna kitu kilichoachwa kikachakaa mpaka dawa yake ikawa kukijenga upya. Cedar Point ndiyo inayopewa vitu vya kuvunja rekodi: Millennium Force ya mwaka 2000 yenye urefu wa mita 94 kwenda juu, kisha Top Thrill Dragster ya mwaka 2003 yenye mita 128. Na vitu vya kuvunja rekodi ndivyo vyenye gharama kubwa ya kutunza. Dragster ilifungwa mwaka 2021 baada ya kipande cha chuma kuchomoka na kumjeruhi vibaya mtu aliyekuwa kwenye foleni. Iliporudishwa Mei 2024 kwa jina la Top Thrill 2 ilifanya kazi siku chache tu, ikasimamishwa kwa ajili ya marekebisho ya magari yake, na wageni wa msimu mzima uliobaki wakaishia kuutazama mnara. Ilirejea mwaka 2025.

Kwa hiyo mwambie dada kwamba nyama anayoiona Cedar Point huja na mfupa mkubwa ndani yake, na umwambie binamu kwamba yai analolisema halikutunzwa kwa bahati.

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa magari. Nina mteja mwenye matatu mbili: moja huletwa kila wiki ikaangaliwa breki, nyingine huletwa ikiwa imevutwa kwa kamba. Mwanangu anayesoma Kijapani ananiambia bustani za Disney za Tokyo zinang'aa kuliko zote, na kwamba ile ya Paris iliwahi kuwa na rangi iliyobabuka na mitambo iliyosimama. Jina ni moja. Inakuwaje? — Fundi, Kariobangi South.

JIBU: Fundi, swali lako limenifurahisha kwa sababu umeuliza habari ya mwenye gari, ambayo wengi huiruka wakakimbilia rangi. Jina ni moja lakini wenye magari si mmoja.

Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa tarehe 15 Aprili 1983, na jirani yake Tokyo DisneySea ya mwaka 2001, si mali ya Disney hata kidogo. Zinamilikiwa na kuendeshwa na kampuni ya Kijapani iitwayo Oriental Land, ambayo huilipa Disney ada ya kutumia jina, wahusika na michoro. Kampuni hiyo imeweka karibu mayai yake yote katika kikapu kilichoko Urayasu, pembeni mwa Tokyo. Haina bustani nyingine ng'ambo ya kuhamishia fedha, wala haiwezi kutegemea mtalii anayekuja mara moja maishani, kwa kuwa wageni wake wengi ni Wajapani wanaorudi tena na tena, na mtu anayerudi mara ya kumi huona hata taa moja iliyoungua. Ndiyo maana iliweza kutumia takriban yeni bilioni 320 kujenga Fantasy Springs, eneo lililofunguliwa DisneySea tarehe 6 Juni 2024, na wakati huohuo kuendelea kufagia kila kona.

Paris ilizaliwa na mzigo. Ilipofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 ilikuwa chini ya kampuni iliyouzwa kwenye soko la hisa la Paris, Disney ikiwa na sehemu tu ya hisa, na madeni ya ujenzi yalikuwa makubwa kiasi kwamba kufikia 1994 ilibidi mikopo ipangwe upya na mwekezaji kutoka Saudi Arabia, Mwanamfalme Al-Waleed, aingie. Wewe unajua vizuri jinsi mwenye matatu anayelipa mkopo wa benki anavyofikiri: awamu ya mkopo kwanza, petroli pili, breki zikilia ndipo zitazamwe. Bustani ya pili, iliyofunguliwa mwaka 2002, ilikuwa ndogo na yenye vivutio vichache, na kwa miaka mingi mashabiki wa Ulaya waliisema hivyo bila kuficha.

Mabadiliko yalianza kwenye matengenezo, na jambo hilo ninalipongeza kwa dhati. Kabla ya maadhimisho ya miaka 25 ya mwaka 2017, vivutio vya zamani vilifungwa kimoja baada ya kingine vikarekebishwa. Rolakosta ya Big Thunder Mountain pekee ilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, kuanzia Novemba 2015 hadi Desemba 2016. Mwaka 2017 Disney ikanunua hisa zote zilizobaki, na Februari 2018 ikatangaza euro bilioni 2 za kupanua bustani ile ya pili. Angalia mfuatano huo, fundi: kwanza waliinua gari wakatengeneza chini, akapatikana mwenye gari mmoja, ndipo wakaleta bodi mpya.

Hong Kong ina hali ya tatu. Humo serikali ya mji ina hisa pamoja na Disney, kwa hiyo upanuzi wa dola bilioni 10.9 za Hong Kong uliotangazwa mwaka 2016 ulipitia kwa watunga sheria, na fedha ya bustani ikawa pia fedha ya mlipa kodi.

SWALI: Ndugu Mhariri, ni kweli kwamba kampuni huikausha bustani moja kwanza ili ipate sababu ya kuifunga? — Msomaji, South B.

JIBU: Siwezi kusoma nia ya mtu, lakini ninaweza kukueleza yaliyotokea Geauga Lake, ile bustani niliyoitaja juu, na huwa nasikitika kila ninapoyasimulia. Ilikuwa Ohio, si mbali na Cleveland, na historia yake ilianzia karne ya 19. Cedar Fair iliinunua kutoka Six Flags, kampuni nyingine ya bustani, mwaka 2004 kwa dola milioni 145. Baada ya miaka miwili hivi rolakosta zake zilianza kuhamishwa, na Septemba 2007, siku chache baada ya msimu kumalizika, ikatangazwa kwamba haitafunguliwa tena. Watu waliokuwa wameipenda tangu utotoni hawakupata hata siku moja ya kuiaga. Dominator ilipelekwa Kings Dominion, Virginia. Thunderhawk ikapelekwa Michigan. Big Dipper, rolakosta ya mbao ya miaka ya 1920 ambayo haikuhamishwa, iliachwa imesimama kwenye magugu mpaka ilipobomolewa mwaka 2016.

Dalili ya kutazama, basi, ni kitu kutoka bila kingine kuingia. Nyingine ni ardhi. Ardhi ya California's Great America, bustani nyingine ya Cedar Fair, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 310, na tangu hapo bustani imekuwa mpangaji anayejua kwamba siku ya kuhama ipo. Cedar Fair na Six Flags ziliungana tarehe 1 Julai 2024, zikawa familia ya bustani 42 zikiwemo zile za maji, na katika familia kubwa kiasi hicho hesabu hufanywa upya: Six Flags America ya Maryland ilifungwa tarehe 2 Novemba 2025, na Kingda Ka, rolakosta ya New Jersey iliyokuwa na mita 139, iliangushwa kwa baruti Februari 2025.

SWALI: Mhariri, mwakani nitawatembelea wanangu Marekani na wamepanga kunipeleka katika bustani mbili za kampuni moja. Nitajuaje ipi inatunzwa vyema, mimi nisiyejua mitambo? — Babu wa wajukuu watano, Lang'ata.

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Usianze na kivutio kipya, kwa maana hicho kitang'aa popote kilipo. Nenda kwenye kile cha zamani, cha miaka 30 au zaidi, uhesabu treni zinazozunguka. Rolakosta iliyojengwa kwa treni tatu ikiwa inaendeshwa kwa moja siku yenye foleni ndefu, ama treni nyingine zimefunguliwa zinatengenezwa, ama hakuna wafanyakazi wa kutosha. Muulize kijana anayefunga mikanda, kwa kawaida hujibu kwa uungwana. Kwa Ohio na majimbo mengine yenye theluji, treni hupaswa kufunguliwa na kukaguliwa wakati bustani imefungwa kwa baridi, kwa hiyo ukienda Mei na kukuta vifaa vingi havijawa tayari, kazi ya baridi ilicheleweshwa. Florida na California ni tofauti, maana huko bustani nyingi hufunguliwa mwaka mzima, na kivutio kilichozungushiwa ukuta kwa miezi michache ni ushahidi kwamba mtu anakishughulikia.

Kisha ingia chooni saa tisa alasiri, wakati umati umeshapita humo mara nyingi, na ufanye hivyo katika bustani zote mbili.