Barua kwa mwanangu: aliyesema "ndoo"

Mwanangu Rehema,

Salamu sana. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo hayanipi raha asubuhi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: tutajuaje Waingereza wa miaka 500 iliyopita walivyosema, na hakuna aliyewarekodi? Na ya nini mhadhiri kuwasomesha barua za watu wasiojua hata tahajia?

Hizo barua ndizo jibu la swali lako la kwanza.

Kitabu hupitia mikono mingi kabla hakijachapwa. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina cometh na goeth ("huja" na "huenda", kwa mwisho wa -th) mwanzo hadi mwisho, utadhani ndivyo watu walivyoitana sokoni. Fungua barua za nyumbani za wakati huo, utakuta comes na goes zishazoeleka. Hata Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyefariki 1603, aliitumia -s hiyo katika barua zake.

Ninayempenda zaidi ni Margaret Paston wa Norfolk, Uingereza. Barua zake zaidi ya 100 zipo hadi leo. Mwaka 1448 alimwandikia mumewe, akaanza kwa salamu za heshima kama tuanzavyo sisi, kisha akamwomba atafute pinde na mishale, maana waliowanyang'anya shamba walikuwa wamejizatiti hapo karibu. Katika barua hiyohiyo akaagiza ratili ya lozi na ratili ya sukari. Vita na jikoni, karatasi moja! Huyo mama namsikia kabisa.

Lakini hakuziandika kwa mkono wake. Alisema, wengine wakaandika, na mwandiko unabadilika barua hadi barua. Kwa hivyo mtafiti lazima ajiulize kila mara: neno hili ni lake au la mwandishi?

Jambo hili nalijua vizuri, maana nilipokuwa na miaka 10 nilikuwa mwandishi wa nyanya yako. Tuliketi barazani, yeye akisema, mimi nikiandika kwa mjomba wako Nairobi. Akisema "ndoo" kwa lahaja yake, naandika "njoo" ya shuleni. Akisema "mtele", naandika "mchele". Niliona namsaidia. Leo nikizisoma barua zile, namsikia mwalimu wangu wa darasa la tano, mamangu simsikii.

Huko Ufini, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Terttu Nevalainen, Helena Raumolin-Brunberg na wenzao walikusanya barua kama 6,000 za karne ya 15 hadi ya 17, wakaziweka kwenye kompyuta pamoja na habari za kila mwandishi: mke au mume, tabaka gani, kwao wapi. Ikaonekana kwamba you ilipochukua nafasi ya ye (yaani "ninyi" ya zamani), na -s ilipoiondoa -th, wanawake ndio waliotangulia, na wengi wao hawakupata elimu waliyopewa ndugu zao wa kiume. Katika kuacha kukanusha mara mbili (maneno mawili ya kukana katika sentensi moja), hapo wanaume walitangulia. Hiyo ilikuwa lugha ya maofisi na sheria. Soma kazi yao kwa utulivu, mwanangu.

Ukija likizo, nitakutolea bahasha iliyo kwenye kasha langu. Ina barua ambayo nyanya yako alimwandikia dadake wa Lamu kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, na haikutumwa. Mstari wa tatu ameandika "ndoo".

Mamako