Re: Kwenda Namugongo kwa miguu bila kundi
Dada umeuliza kama unaweza kutembea mpaka Namugongo, kule Uganda kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda, bila kundi la parokia, unaweza kabisa, ila ukishavuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia hutakuwa peke yako tena, barabara ya Bugiri, Iganga mpaka Jinja mwisho wa Mei mahujaji ni wengi na ukisimama tu kufunga kamba za viatu kuna mtu atakuuliza umetokea wapi. Mimi nilishikana na mama mmoja wa Tororo, Kiswahili chake cha kuungaunga lakini rozari tulisali pamoja, malengelenge yangu aliyatoboa kwa sindano akaacha uzi ndani maji yatoke, na mpaka leo kila tarehe 3 Juni, sikukuu yenyewe ya Mashahidi, lazima tupigiane simu. Msitu wa Mabira usipite usiku, subiri wenzako. Na viatu vipya hapana jamani, vaa vilivyouzoea mguu.