Badilisha mchuzi, chakula kiache: jibu kwa dada aliyehamia Kampala

Dada, karibu Uganda. Nimesoma swali lako na majibu ya wote waliotangulia. Kwa wanaoingia sasa hivi: dada huyu ametoka Mwanza, amehamia Kawempe na mumewe na watoto watatu, anapikia sigiri, yaani jiko la mkaa, na jiko dogo la gesi la moto mmoja. Kila jioni ni ugali na dagaa au wali na maharage, na watoto wameanza kusukuma sahani. Akajaribu mapishi ya kwenye video, yale ya jibini na krimu na oveni. Hela ikaenda, chakula kikarudi jikoni kama kilivyotoka. Anauliza apike nini kipya ambacho kitaliwa. Ameuliza pia kwa nini chapati zake zinakakamaa kesho yake; hilo nitalifikia.

Kaka uliyemshauri anunue oveni ya umeme, nakuheshimu, lakini yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, inavyokwisha sote tunajua. Familia ya watu watano haihitaji oveni ili ile vizuri.

Mimi naishi Jinja, na jioni nyumbani kwangu mpishi ni mimi. Mke wangu ni muuguzi, zamu zake nyingi ni za usiku. Kupika nilijifunza nikiendesha lori kutoka Mombasa kuja Kampala, enzi zile foleni ya mpakani Malaba inaweza kukulaza pale siku kadhaa, na dereva asiyejua kuwasha jiko anaishia kula chapati baridi na soda. Baadaye nikaoa, watoto wakaja, na nikagundua kwamba kulisha madereva wenye njaa ni kazi nyepesi sana ukilinganisha na kumlisha mtoto wa miaka sita ambaye hajataka.

Ninachokushauri ni hiki: usibadilishe sahani nzima. Watu wa huku sahani wanaigawa mara mbili, kuna chakula na kuna mchuzi. Chakula ni matoke, ugali ambao hapa utausikia ukiitwa posho, viazi vitamu, mihogo, kalo ambayo ni ugali wa ulezi, wali. Mchuzi ni kila kinachomiminwa juu yake. Wewe kiache chakula ambacho watoto wamekizoea, ubadilishe mchuzi tu, mmoja kwa wiki, na usiutangaze. Mtoto akiona ugali wake uko palepale anakuwa na pa kushika. Ukimletea sahani ambayo hata kitu kimoja hakitambui, umeshamshinda kabla hajafungua mdomo. Zile video zilikuangusha hapo. Upishi wako hauna tatizo.

Na usiende mbali kutafuta michuzi mipya. Uganda ina makabila zaidi ya hamsini na kila moja lina chungu chake. Jirani yako wa kulia huenda ni Mteso na wa kushoto Mtoro, na wote wawili ukiwauliza wanapikaje kwao, utaelekezwa mpaka uchoke.

Anza na binyebwa, mchuzi wa karanga. Ndio unaosamehe zaidi na ndio ambao sijaona mtoto akiukataa. Soko la Kalerwe liko karibu nawe, bei zake ni nafuu. Nunua karanga nzima zenye ganda jekundu, uzichambue wewe mwenyewe, halafu ndipo usagishe kwenye mashine palepale. Unga uliokwisha kusagwa sipendi kuununua kwa sababu huwezi kujua nini kilisagwa. Karanga iliyonyauka, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyo chungu mdomoni, itupe. Karanga zikilowana na kuhifadhiwa vibaya huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Katika jibu langu lote, hapa ndipo siwezi kulegeza.

Sasa upishi. Kikombe kimoja cha unga wa karanga kwa vikombe vitatu vya maji. Unga uukoroge kwanza kwa maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, kwa sababu ukiumwaga kwenye maji ya moto utapata madonge ambayo hakuna mwiko utakaoyamaliza. Weka kwenye sigiri, tia kitunguu kilichokatwa na nyanya mbili, koroga mpaka uchemke. Hapo usigeuze mgongo. Binyebwa hufura ghafla na kumwagika kama maziwa, na mkaa wako ukizimwa na mchuzi utalia. Usifunike. Ukishachemka, punguza moto: funga mlango wa sigiri, au sogeza mkaa pembeni, uache utokote taratibu nusu saa hadi dakika arobaini, ukikoroga kila baada ya muda na kukwangua chini. Utaona rangi ya waridi inageuka kuwa ya udongo, harufu ya karanga mbichi inatoweka, na juu yanaanza kuelea matone ya mafuta yake yenyewe. Hapo umeiva. Chumvi mimi naweka mwisho. Mafuta ya kupikia hauhitaji hata tone.

Sasa wewe ni mtu wa Mwanza, dagaa unawajua kuliko mimi. Hapa wanaitwa mukene, ni walewale wa ziwa moja. Wachambue vichwa, waoshe kwa maji ya vuguvugu, wakaange kidogo wakauke, kisha wamwage ndani ya binyebwa dakika kumi za mwisho. Watoto waliochoka na dagaa wa kukaanga watawala hao bila kujua wamerudi. Wiki nyingine tia samaki wa moshi, au uyoga mkavu, au nyanya chungu ambazo sokoni ukisema ntula utapewa haraka zaidi. Sufuria ni ileile na unapata michuzi minne. Kama kuna mtoto aliyewahi kuvimba midomo au kuwashwa baada ya kula karanga, basi ruka sehemu hii yote.

Wa pili ni firinda, kutoka Tooro, magharibi mwa Uganda. Nakuletea kwa sababu umesema maharage wameyachoka. Maharage yaloweke usiku kucha, na joto likiwa kali yabadilishie maji asubuhi yasije yakachacha. Yakishavimba, ganda linatoka ukilibinya kati ya kidole gumba na cha shahada. Harage linaruka, ganda linabaki mkononi. Kazi hii wape watoto. Nyumbani kwangu wanashindana nani analirusha mbali zaidi, na nusu saa nzima kuna amani. Kisha yachemshe mpaka yalainike, yaponde kwa mwiko humohumo, ongeza kitunguu kilichokaangwa kwa samli, acha yatokote mpaka yawe mazito. Kinatoka kitu laini cha rangi ya krimu, ambacho hata bibi asiye na meno atakula. Kwa kalo ni tamu zaidi, lakini kwa ugali wa mahindi pia kunakwenda. Mtoto wangu wa kati, adui wa maharage wa kudumu, anaamini mpaka leo kwamba firinda ni kitu kingine kabisa, na sina haraka ya kumsahihisha.

Siku ambayo umechoka na hutaki kuosha vyombo viwili, pika katogo. Watu wengi hapa hula asubuhi, lakini hakuna sheria. Menya matoke, paka mafuta mikononi kwanza kwa sababu utomvu wake unaacha madoa meusi, na usivae nguo nzuri. Katika sufuria moja kaanga kitunguu na nyanya, weka matoke mazima, mwagia maharage uliyokwisha kuchemsha pamoja na supu yake, funika, acha mpaka matoke yaive na yaanze kumeguka kidogo na kuuzidisha mchuzi uzito. Ukipenda matumbo badala ya maharage, yachemshe peke yake kwanza mpaka yalainike. Juu yake kata mboga ya majani, nakati au dodo ambayo ni mchicha, dakika tano za mwisho. Mkaa unatumika kidogo, na kesho kuna kiporo.

Malakwang nakuwekea akiba, usianze nayo. Ni mboga chachu ya kaskazini, Waacholi ndio wenyewe. Majani yanachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa kupunguza uchachu, halafu unatia odii, ambayo ni karanga na ufuta vilivyokaangwa na kusagwa pamoja mpaka vikawa rojo. Inaliwa na viazi vitamu, na huo utamu wa kiazi dhidi ya uchachu ndio raha yenyewe. Lakini mtoto akiionja kwa mara ya kwanza uso unakunjamana. Mpe kijiko kimoja pembeni ya sahani, asipomaliza usigombe, wiki mbili baadaye mpe tena. Wanaoshughulika na lishe ya watoto husema mtoto huweza kuhitaji kuonjeshwa kitu kipya mara kumi au hata zaidi kabla hajakikubali, na kwa niliyoyaona kwa wangu naamini. Malewa ya Wamasaba wa Mlima Elgon, machipukizi ya mianzi ya kukaushwa kwa moshi, nayo iweke kwenye fungu hilohilo. Eshabwe ya Ankole, mchuzi wa samli, usijaribu peke yako. Samli ile ina wenyewe, tafuta mtu wa Mbarara akuandalie ule.

Luwombo utaambiwa ni lazima ujue. Inasemekana ilianzia kwa mpishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887, na ni kweli kwamba kuku aliyefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke saa mbili tatu ana harufu ambayo sufuria haikupi. Lakini ni chakula cha Jumapili, cha wageni, cha siku ambayo una saa nyingi na mkaa wa kutosha. Anayekuambia ni chakula chepesi cha jioni hajawahi kutafuta majani yasiyopasuka saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha.

Kuhusu siku: kitu kipya mimi napika Ijumaa au Jumamosi. Jumatatu watoto wametoka shule na njaa na kazi za nyumbani, hawana subira ya kuonja. Na siku zote naacha kitu kidogo cha kujihami, parachichi au yai la kuchemsha, ili asiyekula mchuzi mpya asilale na njaa, lakini sipiki sufuria ya pili. Shemeji, yaani mumeo, mwambie mapema asikunje uso mezani. Watoto wanamtazama yeye kabla ya kutazama sahani. Kwangu ilikuwa kinyume, wifi yako ndiye aliyekuwa akiinua kijiko na kukinusa, tukazungumza.

Sasa chapati. Nadhani unakanda kwa maji ya baridi na kusukuma papo hapo. Tumia maji ya vuguvugu, tia mafuta vijiko viwili vitatu kwa nusu kilo ya unga, kanda mpaka donge liache kung'ang'ania mkono, kisha lifunike lipumzike nusu saa. Kikaango kiwe cha moto kabla hujaweka ya kwanza. Kikiwa cha uvuguvugu chapati inakauka kabla haijaiva. Zikitoka zipange juu kwa juu ndani ya kitambaa kisafi kwenye chombo chenye kifuniko.

Na kuna mbinu nyingine ninayoipenda zaidi. Sokoni utakuta viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Vina vitamini A kwa wingi, na kazi ya kuvizalisha na kuvisambaza ndiyo iliyomfanya mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, awe mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Chemsha viwili vitatu, vimenye, viponde vikiwa moto mpaka pasiwe na bonge, kandia unga navyo, na maji uongeze kidogo kidogo tu kwa sababu kiazi kina maji yake. Chapati zinatoka za dhahabu, zina utamu kwa mbali, na kesho yake bado zinakunjika. Zikibaki, zikate vipande, zimwagie maharage ya moto yenye supu nyingi. Hiyo ndiyo kikomando, chakula cha wanafunzi na vijana wa boda. Wangu wakiambiwa leo usiku ni kikomando, hakuna anayeuliza nyama iko wapi.

Wiki hii pika binyebwa na mukene, ugali uleule. Ukikwama kwenye kuchagua karanga, piga picha uiweke hapa, tutaziangalia.