Kuhusu heller 20, sarafu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ya mwaka 1916 iliyokutwa kwenye sanduku la babu, Iringa

Ndugu, umeuliza kama taji dogo lililo kwenye sarafu yako linaifanya kuwa adimu, na kama ufutikaji wake unaishusha daraja, yaani kiwango cha ubora wa hali yake. Sarafu hizi zilipigwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo maana chini ya mwaka pana herufi T, na mihuri ya kupigia sarafu iliyotumika haikufanana. Kwa hiyo ukubwa wa taji peke yake hautoshi: geuza upande wa pili, shika lenzi, utazame ncha za herufi L mbili katika neno HELLER kama ni kali au zimejikunja, kisha ueleze kama ni shaba nyekundu au shaba ya njano, kwa kuwa thamani hutokana na mchanganyiko wa mambo hayo yote.

Kwenye daraja, wengi hukosea. Kazi ya Tabora ilikuwa ya haraka, hivyo sarafu ambayo haijatumika kabisa inaweza kuwa na taji hafifu. Ikiwa uwanda, yaani sehemu bapa inayozunguka maandishi, bado una mng'ao wa asili, huo ni udhaifu wa pigo la muhuri, si uchakavu. Nakusihi usiisugue kwa limau wala majivu.